Mianzi ya Kumnyima Fundi Mwanga

Ua wetu ulikuwa wa kufika kiunoni. Haukuwa mfupi kwa sababu ya uvivu. Wakati wa Wabelgiji, bwana wa usafi alipita mtaani kwetu kila mwezi na fimbo yenye alama. Aliisimamisha kando ya miti ya kila lupango, yaani kila kiwanja chenye nyumba, na majani yaliyopita ile alama yalikuwa kosa. Alisema mbu wanalala humo. Papa, baba yangu, alisema wanaotakiwa kuonekana si mbu, ni sisi. Lakini alisema hivyo ndani ya nyumba, na kila Jumamosi alitoka na panga akaukata ua wake ukawa sawa kama mstari wa daftari. Uhuru ulipokuja, bwana wa usafi hakuonekana tena. Papa aliendelea kukata. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Upande wa magharibi wa ua huo aliishi fundi wa kushona. Mashine yake ilikaa barazani, chini ya bati, ikiangalia kwetu, kwa sababu jua la asubuhi lilimfikia likipita juu ya lupango letu. Akiwa amekaa pale, mguu ukikanyaga, aliona jiko letu, kamba yetu ya nguo, bata wetu, na bafu letu la mikeka lililofika kifuani mwa mtu mzima. Nilimwita tonton, yaani mjomba. Ndiye aliyenishonea gauni la shule. Papa alikuwa karani, na fundi alipohitaji barua alivuka tu kuja kwetu, akakaa, akasema maneno yake, papa akaandika. Barua ya kuomba kiwanja anachokaa mpaka leo iliandikwa juu ya meza yetu.

Waasi walipouchukua mji, walitafuta watu wa kalamu. Papa alichoma karatasi zake katika moto wa mama, akavaa kaptula ya kulimia, akaacha kutoka nje. Alikaa chumbani siku nyingi, dirisha limefungwa. Siku moja mchana joto lilimshinda, akatoka kuoga. Mimi nilikuwa jikoni natwanga pondu, majani ya muhogo. Waasi wawili walikuwa wanapita barabarani, wakamuuliza fundi kama hakuna karani upande huu.

Hawakuwa wameingia kwake. Hakuna aliyemshika wala kumwekea mkuki kifuani. Angeweza kusema hajui, nao wangepita, kwa sababu walikuwa wamechoka na walikuwa wanauliza kila nyumba. Fundi hakusema neno. Alisukuma midomo mbele kuelekea bafu letu, jinsi watu wa kwetu wanavyoonyesha kitu bila kuinua mkono. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Nilisikia mashine yake ikishona wakati waasi wanaruka ua, ikashona wakati papa anatolewa na maji yakimdondoka, ikashona mpaka walipopinda kona.

Papa hakurudi. Mtu mmoja aliyekuwako uwanjani, ambako waasi waliwaua watu wa kalamu, alikuja kumweleza mama jinsi ilivyokwenda, na kwamba wote walitupwa mtoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi kuchambua mchele wake. Hakulia.

Baadaye askari wa serikali waliurudisha mji, na mimi nilingoja. Niliona watu wengine wakionyeshwa kwa kidole, wakichukuliwa, kwa makosa madogo kuliko la fundi. Yeye hakuguswa. Alianza kushona suruali za askari, na asubuhi alitusalimia juu ya ua kama zamani. "Mama, mumeamkaje?" Mama alimjibu kwamba tumeamka. Mimi niliinamisha kichwa.

Kwetu mjane analia nje, chini. Anakaa juu ya mkeka uani, miguu imenyooshwa, nywele zimefumuliwa, na wanawake wanakuja kukaa naye siku kadhaa. Hayo ndiyo matanga, na bila hayo marehemu hajaagwa. Ndugu za papa kutoka Yahuma walituma watu kuuliza matanga ya ndugu yao ni lini. Mama aliwajibu kwamba hayuko tayari, na wao wakaanza kusema kwamba labda hakumpenda. Mimi peke yangu aliniambia sababu. Aliniambia hivi, huku anafua:

"Siwezi kukaa chini mbele ya macho yake. Machozi yangu, hapana, hayo hatayaona."

Alioga ndani, katika beseni, mlango umefungwa. Alikula ndani. Uani alitoka kwa kazi tu, na uso wa mtu anayengoja zamu hospitalini. Mwaka mmoja ulipita hivyo, na papa bado hajaliliwa.

Mimi si mtu wa maneno. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alidhani mimi ni bubu, na nilipomaliza la sita nilikuwa bado nasoma kwa sauti ambayo aliyekaa mbele yangu hakuisikia. Nisingeweza kwenda kusimama mbele ya baraza lile na kupiga kelele. Lakini kupanda naweza. Nilitaka mambo mawili, nami nayaandika yote mawili: mama apate mahali pa kulia bila kuonekana, na fundi apoteze mwanga wake. Sikutaka moja bila jingine.

Nilianza kwa kosa. Nilipanda muhogo.

Nilikuwa na sababu zangu. Vijiti vilikuwapo, muhogo unakwenda haraka, na baada ya miezi minne ulikuwa umenipita kichwa. Baraza la fundi lilianza kufichika. Kitu nilichosahau, na mtu yeyote wa mtaa wetu angenikumbusha kama ningemuuliza, ni kwamba pondu ya uani si ya mtu mmoja. Muhogo ukisimama kwenye mpaka, majani ni ya pande mbili. Mkono unaofika unachuma, na hakuna anayeomba ruhusa. Mke wa fundi alisimama upande wake na kikapu, akachuma majani machanga, akarudi baada ya siku mbili, akachuma tena. Mpaka mwisho wa mwezi vijiti vilikuwa vitupu, na kati ya vijiti nilimwona fundi anatazama, vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kutazama.

Halafu mke wa fundi akatuletea bakuli, limefunikwa kitambaa cheupe.

"Pondu yenu iko nzuri sana," alisema. "Haina uchungu hata kidogo. Nikasema nisile peke yangu."

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akasifu harufu, akauliza hali ya watoto. Mgeni alipoondoka alilishusha bakuli chini, mbele ya bata. Bata walikula mpaka wakapiga midomo kwenye enameli. Nami jioni ile niling'oa muhogo wote.

Nilijifunza hapo kwamba ua wangu usiwe kitu cha kuliwa. Ngai-ngai, yale majani machachu ya mchuzi, nilikataa, wangechuma. Mchaichai nilikataa, mtoto wao akikohoa wangekuja kuomba, na mtoto anayekohoa hanyimwi. Mlimau una miiba, nao niliupenda kwa miiba yake, lakini utazaa, na atakuja mtu na tabasamu. Nilitaka mti ambao jirani hana neno la kuniambia juu yake.

Basi nilifikiria mnyaa. Ni mti usio na majani, vijiti vyake vya kijani vinavunjika kirahisi, na maziwa yake yakiingia machoni mtu anaweza kupofuka. Nilikwenda kuukata kando ya makaburi, nikaubeba kwa kuufunga katika jani la mgomba, na bado tone moja lilinishukia kwenye kifundo cha mkono likachoma. Sikujali. Njia nzima nilikuwa naona tone kama lile katika jicho la kulia la fundi, halafu la kushoto. Nilishachimba mashimo sita. Mama alikuja, akatazama mkono wangu, akatazama vijiti.

"Hii itachoma mtu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Itachoma wa kwanza kuigusa. Huwezi kuituma."

Mtoto wa mwisho wa fundi, msichana wa miaka mitatu hivi, alikuwa anacheza upande wa pili na kijiti na kopo. Alikuwa wa kwanza wa kugusa kila kitu. Nilifukia mashimo. Sikuwa na huruma kwa nyumba ile. Nilitaka macho ya baba yake, si yake, na mnyaa haujui kuchagua.

Mianzi niliiona siku nilipopita njia ya mtoni, penye nyumba kubwa za Wazungu. Wengi walikuwa wamekimbia, na nyumba moja ilikuwa haina milango wala madirisha. Lakini bustani yake ilikuwa safi. Mzee mmoja aliyekuwa mtunza bustani wa pale tangu zamani aliendelea kuja kila asubuhi, ingawa hakuna aliyemtuma. Kuzunguka nyumba nzima ilisimama mianzi ya manjano yenye mistari ya kijani, mirefu kuliko paa, imebanana hivi kwamba kuku hawezi kupita. Nilisimama pale muda mrefu mpaka yeye mwenyewe akaniuliza natafuta nini. Nilimwambia natafuta ua. Akauliza, wa kuzuia nini. Nikasema, macho.

Alicheka bila sauti.

"Wazungu waliipanda hii ili sisi tusiwaone wakila," alisema. "Na sisi, ua wetu ulikuwa mpaka wapi?"

Nilijiwekea mkono kiunoni. Akatikisa kichwa, akaenda kuchukua panga lake.

Alinifundisha kukata vipande vya pingili tatu, kutoka kwenye mwanzi wa miaka miwili, si mchanga wala mzee. Vipande hivyo unavilaza kwa mshazari, pingili mbili ndani ya udongo na moja nje, wakati mvua zimeanza kweli. Alinionya kwamba mwaka wa kwanza nitajiona mjinga. Nilibeba vipande kichwani kwa safari nne, kutoka mtoni mpaka kwetu, watu wakinitazama, na kutazamwa ndiko ninakochukia kuliko vyote. Nilipanda mstari wote wa magharibi, na mbele ya mashine yake nilipanda safu mbili.

Mvua za kwanza zilileta vijiti vyembamba kama kalamu. Fundi alifurahi sana.

"Mutoto, hiyo ni nini?" aliniuliza, sindano mdomoni. "Unataka wale wavuvi Wagenia waje kununua nguzo za mitego ya samaki kwako? Alors, utawaambia wangoje mupaka wajukuu wao."

Wateja wake walicheka. Mimi niliinamisha kichwa kama kawaida, na yeye alidhani ni heshima. Nilirudi jikoni kuchukua majivu. Kila siku mianzi ilipata majivu, maji ya kuogea, kinyesi cha bata, magamba ya samaki. Sijawahi kukilisha kitu vile.

Mvua za pili machipukizi yalitoka ardhini manene kama mkono wangu, yamevaa ganda lenye nywele. Chipukizi nililoliacha magotini asubuhi nililikuta kifuani baada ya siku chache. Mashina yalipanda yakapita bati lake, ndipo yakaanza kutoa matawi na kuinama kuelekea kwake, bila mimi kuyaelekeza. Kwanza kivuli kilimpigia mistari juu ya kitambaa. Halafu mistari ikakutana. Alisogeza mashine upande wa kushoto wa baraza. Msimu ule ule nikapanda zaidi upande wa kushoto. Alinunua miwani. Upande wake wa nyuma nyumba yenyewe ilizuia jua la mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo ilikuwa mali yake, nayo nilikuwa nayo mimi.

Siku moja nilikuwa nafagia majani ya mianzi nikasikia mteja analalamika, sauti ya mwanamume mwenye haraka:

"Papa fundi, unaona rangi kweli? Angalia. Huu mukono iko bleu, huu iko mweusi. Nitaingia kanisani namna hii?"

Fundi alisema kitambaa ni kile kile, ni kivuli tu. Mteja alisema basi afungue duka lake mahali penye jua. Niliendelea kufagia, pale pale, mpaka ardhi ikang'aa. Mchana ule nilikula sahani mbili.

Kisha fundi alikuja mwenyewe. Hakuita juu ya ua, kwa sababu juu ya ua hapakuwapo tena. Alizunguka barabarani akapiga hodi mlangoni, kofia mkononi. Alimwambia mama kwamba majirani ni kama ndugu na kwamba amekuja kwa neno dogo. Mama alimsikiliza, akanitazama.

"Aliyepanda ni huyu," alisema. "Muulize yeye."

Fundi alinigeukia. Alikuwa ameanza kuzeeka. Kope zake zilikuwa nyekundu.

"Mwanangu, mianzi iko mirefu sana. Sisemi muing'oe. Kukata tu, nipate jua ya asubuhi. Unajua kazi yangu yote iko macho."

Nilitazama viatu vyake. Nilihesabu matundu ya kamba. Alingoja, akasema tena kwamba ananiomba, yeye tonton wangu.

"Kukata mpaka wapi?" niliuliza.

Alipata tumaini. Alinyoosha kiganja hewani, akakishusha polepole, akakiweka kiunoni pake.

"Hapa. Kama zamani."

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa kubwa.

"Siku ile nilikuwa jikoni," nilisema.

Hakuuliza siku gani. Alimtazama mama, mama alikuwa anatazama ukuta.

"Walikuwa na mikuki," alisema. "Nilikuwa na watoto ndani."

"Walikuwa barabarani. Na mashine yako haikusimama."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima maneno mengi vile bila kuulizwa, na sikuweka tonton mwanzoni wala mwishoni. Alivaa kofia yake akiwa bado ndani ya nyumba yetu, akatoka.

Kesho yake mama alitembea kando ya mianzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliinama, akasimama kwa vidole, akaweka jicho kila penye mashaka. Akanituma niende upande wa barabara, nisimame karibu na lupango la fundi, nimwambie naona nini. Nilirudi nikamwambia sioni hata kamba ya nguo. Mama alitandika mkeka katikati ya uani, akautazama, akaukunja tena. Siku hiyo hiyo alimpata mtu wa kwenda Yahuma, akampa ujumbe: matanga ya ndugu yao ni mwezi huu.

Walikuja kwa malori na kwa miguu. Wanawake walijaza ua. Mama alifumua nywele zake mchana, jua likiwa juu, akakaa chini, akanyoosha miguu, na sauti iliyotoka sikuitambua. Alimwita papa kwa jina la utotoni, ambalo sikujua kwamba analijua. Alimwambia maji ya kuogea bado yapo. Alilia miaka yote ile katika mchana mmoja, na wale shangazi waliokuwa wakisema hakumpenda walifunika nyuso.

Mimi sikulia sana. Nilikuwa nasikiliza upande wa pili. Mashine haikusikika siku nzima. Mianzi inazuia macho, haizuii sauti, na hilo nililijua wakati wa kuichagua. Fundi alikuwa amekaa kule gizani, anasikia kila neno, hana pa kusogeza kiti chake.

Siku ya tatu mke wa fundi alisimama kwenye mlango wa lupango, mzigo wa kuni kichwani. Ni desturi: jirani analeta kuni za matanga, na moto ukiwashwa kwa kuni zake, hakuna tena neno kati ya lupango na lupango. Hata kama kulikuwa na damu, limekwisha, na atakayelirudia baadaye ndiye mkosaji. Kila mtu analijua hilo. Ndiyo sababu niliwahi mlangoni kabla ya shangazi yeyote.

"Pokea, mutoto," alisema. "Shingo inauma."

"Kuni ziko."

"Naona moshi kidogo tu."

"Ziko, mama."

Hakushusha mzigo. Jasho lilimshuka kandokando ya masikio. Alitazama nyuma yangu, ambako wanawake walikuwa wanaimba, kisha akasema polepole, kwangu peke yangu:

"Mimi siku ile nilikuwa sokoni."

"Najua," nilisema. "Rudisha kuni."

Akageuka mwili mzima, kama anavyogeuka mtu mwenye mzigo kichwani, akaenda zake. Ni kweli alikuwa sokoni. Ni kweli pia kwamba alichuma pondu yetu akaipika akatuletea. Nilibaki nimesimama mpaka nikasikia kuni zinaanguka chini upande wao.

Mama aliniita kutoka mkekani. Macho yake yalikuwa yamevimba, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Aliuliza nani alikuwa mlangoni.

"Hakuna mtu," nilimjibu.

Alitazama mlango. Halafu akavuta kanga yake begani.

"Basi funga mlango vizuri," alisema.

Nikaufunga.